MSITU WA MIOMBO NA ZIWA TSHANGALELE

1. Ziwa lilivyopatikana

Mtu akitoka Likasi na kuelekea mashariki, safari yake si ndefu sana kabla hajaona maji mengi mbele yake. Mitumbwi yapita, ndege wasimama penye matete, na harufu ya samaki wa moshi yatoka vijijini. Hilo ndilo ziwa Tshangalele. Wengine huliita ziwa la Lufira, kwa sababu maji yake ni ya mto Lufira.

Ziwa hili si la tangu kale. Limetengenezwa na watu. Zamani palikuwa na mto tu, pamoja na vinamasi vyake na bonde lililofurika wakati wa mvua. Mbele kidogo mto uliruka kutoka juu ya miamba, penye maporomoko yaitwayo Cornet. Wakati ule viwanda vya shaba vya Likasi vilihitaji umeme mwingi, maana shaba safi hupatikana kwa kupitisha umeme ndani ya maji ya asidi yenye shaba. Basi kampuni ya Union Minière ilijenga ukuta wa kuuzuia mto hapo Mwadingusha. Kazi ilimalizika mwaka 1930. Maji yakazuiliwa, yakapanda, yakatanda juu ya bonde na kufunika majani na miti. Ndivyo ziwa lilivyozaliwa.

Tangu siku ile maji ya ziwa huingia katika mabomba makubwa, huanguka zaidi ya meta 100, na kuzungusha mitambo ya umeme. Mwaka 1950 mtambo mwingine ulianza kazi huko Koni, upande wa chini wa mto huo huo. Mitambo ya Mwadingusha ilichoka kwa uzee, ikatengenezwa upya, na mwaka 2021 ilitoa tena umeme wa megawati 78.

Ziwa Tshangalele ni pana, lakini kina chake ni kidogo. Mahali pengi mvuvi aweza kugusa chini kwa pondo lake. Likumbukeni neno hili, watoto: kina kidogo. Tutarudi kwalo.

2. Msitu wetu ni wa namna gani?

Nchi ya Kongo ina misitu ya namna nyingi. Kaskazini, kama vile Yangambi penye mto Kongo, kuna msitu mnene wa mvua. Huko miti ni mirefu mno, majani hayaishi mwaka mzima, na mwanga wa jua hufika chini kidogo tu.

Msitu wa kwetu Katanga ni mwingine. Waitwa miombo. Mvua yanyesha tangu Novemba hata Aprili. Baadaye, tangu Mei hata Oktoba, ni kiangazi. Miti si mirefu kama ile ya Yangambi, nayo yaachana kidogo, hata majani ya nyasi huota katikati yake. Wakati wa kiangazi miti mingi hupukutika. Lakini tazameni ajabu hii: mvua haijanyesha bado, ardhi ni kavu kama tofali, na miombo yaanza kutoa majani mapya, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Mti wapata wapi maji? Mizizi yake yashuka chini sana, nayo yakumbuka mvua ya mwaka uliopita.

Miombo si ya Katanga peke yake. Yatoka Angola, yapita kwetu na Zambia, yafika Malawi, Tanzania na Msumbiji. Ni moja ya misitu mikubwa ya Afrika. Mtoto wa Likasi na mtoto wa Tabora hawajaonana hata siku moja, lakini wote wawili wapumzika chini ya miti ya ukoo mmoja.

3. Msitu hutupa nini?

Mtu akiulizwa msitu hutupa nini, hujibu upesi: kuni na makala. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu.

Ulizeni mama zenu. Mvua za kwanza zikinyesha, wao huenda porini kutafuta uyoga. Uyoga mwingine huota juu ya vichuguu vya mchwa. Upo mmoja ambao kofia yake hufikia karibu meta 1, na mtoto aweza kujifunika nao kama mwavuli. Uyoga mwingine huota chini ya miombo tu. Kwa nini? Kwa sababu nyuzi zake nyembamba zimeshikamana na mizizi ya mti iliyo hai. Mti huupa uyoga sukari, na uyoga huupa mti maji na chumvi za udongo. Wao ni kama majirani wawili, mmoja ana unga na mwingine ana chumvi. Kata miti yote, na uyoga huo hutauona tena, hata mvua inyeshe namna gani.

Tena msitu hutupa matunda ya masuku, na viwavi wanaoliwa, na asali, na dawa za wazee. Mzee wa mti mwenye tundu ni nyumba ya nyuki na ya ndege. Vitu hivi havina kiwanda. Havina bei ya petroli. Mwaka wa njaa, mama mwenye watoto wengi huvitegemea kuliko duka.

Na kuna zawadi moja zaidi, ambayo hatuioni kwa macho kwa sababu yapita chini ya miguu yetu. Zawadi hiyo ni maji.

4. Msitu na ziwa ni nyumba moja

Fanyeni jaribio hili penye shule. Chukueni vibao viwili, mvilaze mshazari. Juu ya kimoja wekeni udongo mtupu. Juu ya cha pili wekeni udongo wenye nyasi na majani makavu. Mimineni maji polepole juu ya vyote viwili, mkinge maji yanayotoka chini. Maji ya kibao cha kwanza yatatoka upesi, nayo yatakuwa mekundu kama chai. Maji ya kibao cha pili yatachelewa, nayo yatakuwa safi kuliko yale.

Ndivyo ilivyo vilimani. Penye msitu, tone la mvua lapiga kwanza jani, kisha laanguka juu ya takataka laini za majani, kisha laingia ardhini polepole. Litatoka baada ya miezi katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Penye kilima kitupu, tone lapiga udongo kama nyundo. Maji hayaingii; yakimbia, yachukua udongo, yaingia katika kijito, na kijito chaingia katika mto, na mto waingia katika ziwa.

Sasa likumbukeni neno lile. Ziwa letu lina kina kidogo. Chungu kifupi chajaa upesi. Udongo ukiingia kila mwaka, nafasi ya maji yapungua. Maji yakipungua, mitambo ya Mwadingusha haipati nguvu ya kutosha wakati wa kiangazi. Hivyo shoka linalokata mti kilimani laweza kuzima taa mjini.

Samaki nao? Mwaka 1960 mtaalamu Mbelgiji, Jean-Claude Ruwet, alikuwa akichunguza tilapia wa ziwa hili, jinsi wanavyozaa. Tilapia dume hutengeneza kiota chini, penye maji mafupi karibu na ukingo. Hukisafisha kwa kinywa chake kama mama anavyofagia uwanja. Jike huja, hutaga mayai, kisha huyachukua ndani ya kinywa chake na kuyalinda humo. Fikirini basi: tope likishuka kutoka vilimani na kufunika viota, tilapia atazaa wapi?

Ruwet yule yule alipata huko ndege mdogo wa jamii ya mnana, mwenye uso mweusi na manyoya ya manjano. Mwaka 1982 wataalamu walimpa jina lake la elimu, Ploceus ruweti. Ndege huyu ajulikana katika sehemu za ziwa Tshangalele tu. Kwa miaka mingi wataalamu hawakumwona tena, mpaka mwaka 2009 walipomkuta, akiwa angali anafuma viota vyake juu ya maji. Dunia ni kubwa, ina milima na bahari, lakini nyumba ya mnana huyu ni hapa kwetu. Tukiiharibu, hana kwao pengine.

5. Gunia la makala

Sasa tuseme habari iliyo ngumu. Waya kubwa za umeme zapita juu ya vijiji vingi vya Katanga, lakini chini ya waya hizo mama asonga bukari na kupika sombe kwa kuni au makala. Mjini pia, nyumba nyingi hazina umeme, au umeme wakatika mara kwa mara. Kila siku lazima watu wale. Basi kila siku baiskeli zatoka porini, na magunia yamefungwa juu yake hata msukumaji haonekani.

Makala huchomwaje? Mtu hukata miti, huipanga pamoja, huifunika kwa majani na udongo, kisha huwasha moto ndani. Moto haupewi hewa nyingi, ili miti isiwe majivu. Baada ya siku kadhaa tanuru hufunguliwa. Kazi hii ni nzito, ya moshi na usiku bila usingizi. Mwenye kuidharau hajaifanya.

Tufanye hesabu. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 za makala. Zilizobaki zatoka kama moshi na mvuke. Tuseme gunia moja lina kilo 50. Mchomaji mwenye ujuzi atatumia kilo 250 za kuni kulijaza. Asiye na ujuzi, mwenye kuni mbichi na tanuru lenye matundu, atatumia kilo 500. Tuseme sasa nyumba moja yamaliza magunia 2 kila mwezi. Kwa mwaka ni magunia 24. Hesabuni wenyewe: ni kilo 6,000 za kuni kwa mchomaji wa kwanza, na kilo 12,000 kwa yule wa pili. Nyumba ni moja, chakula ni kile kile, lakini msitu umelipa mara mbili.

Labda mtoto mmoja atasema: «Mwalimu, baba yangu achoma makala. Madaftari yangu na kaptula yangu vimetoka katika makala. Je, baba yangu ni mtu mbaya?»

Hapana. Baba huyo afanya kazi kwa jasho ili mwanawe asome. Na anayenunua gunia mjini, yeye pia amekata mti, ingawa mikono yake ni safi. Mwalimu anywaye chai iliyochemshwa kwa makala, naye yumo. Basi tusitafute wa kumlaumu. Tutafute namna ya kukata hata mjukuu wa baba yule apate naye cha kukata. Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili.

6. Mti mwekundu uitwao mukula

Kabla ya kuona njia njema, tuone kwanza njia mbaya.

Kuna mti uitwao mukula. Ukiukata, utomvu wake hutoka mwekundu kama damu. Wazee walitwanga sehemu zake kupata unga mwekundu wa kujipaka. Mti huu hukua polepole. Kwa miaka mingi ulisimama porini bila kusumbuliwa sana.

Katika miaka ya 2010 wafanyabiashara waliutafuta kwa nguvu, kwa sababu mbao nyekundu zapendwa China kwa kutengeneza viti na makabati ya thamani. Katika Haut-Katanga, kama vile upande wa Kasenga na Sakania, magari makubwa yaliingia porini. Zambia nayo iliona mambo yale yale. Kijana aliyekata mti alipata fedha kidogo. Aliyeuuza mbali alipata fedha nyingi. Na kijiji kilibaki na nini? Kilibaki na njia za magari na visiki.

Mwezi wa Agosti 1919 haukuona mambo haya, wala Agosti 1959; lakini Agosti 2019 mataifa yalikutana Geneva, katika mkutano wa mkataba uitwao CITES, unaoangalia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Yaliandika mukula katika orodha yake ya pili. Maana yake si kwamba biashara ya mti huo imekatazwa kabisa. Maana yake ni kwamba magogo yasivuke mpaka bila hati ya serikali, yenye kushuhudia kwamba ukataji huo hauumalizi mti. Sheria hiyo ni njema, lakini ilikuja wakati miti mingi ilikuwa imekwisha kusafiri.

Tujifunze hapa tofauti mbili. Anayechoma makala akaa na msitu wake, na kesho ataurudia. Mgeni mwenye gari haurudii. Akimaliza hapa, aenda pengine. Kwa hiyo mti ukikatwa, ulizeni kwanza: aliyeukata, watoto wake watakaa wapi?

7. Moto wa mapema na moto wa kuchelewa

Watu wengi wafikiri kwamba shoka ndilo adui wa kwanza wa miombo. Lakini shoka lina ndugu yake mkali, naye ni moto.

Mwaka 1933, karibu na Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, si mbali na mpaka wetu, wataalamu wa misitu walipima vipande vya msitu wa miombo. Kipande kimoja walikichoma kila mwaka mwanzo wa kiangazi, wakati majani yana ubichi bado. Kipande cha pili walikichoma kila mwaka mwisho wa kiangazi, wakati kila kitu ni kikavu. Kipande cha tatu walikikinga, moto usiingie kabisa. Walifanya hivyo miaka mingi, wakaandika yote waliyoyaona.

Je, waliona nini? Kipande cha moto wa mapema kilibaki msitu. Kipande kilichokingwa kiliongezeka unene, kikajaa miti na vichaka. Lakini kipande cha moto wa kuchelewa kiliharibika: miti mikubwa ilikufa, michipukizi iliungua kila mwaka kabla haijapata nguvu, na nyasi zikashika nafasi ya miti.

Maana yake ni rahisi. Moto wa mwezi wa Mei au Juni hutembea chini, hula majani machache, kisha huzimika. Moto wa Septemba au Oktoba hupanda, hukimbia na upepo, huua. Na nani huwasha moto wa Oktoba? Mara nyingi ni mwindaji anayetafuta panya, au mtu anayesafisha shamba bila kukata njia ya kuzuia moto, au mtoto anayecheza na kiberiti. Njiti moja yaweza kumaliza kazi ya mvua ya miaka kumi.

8. Kisiki kilicho hai

Sasa sikilizeni habari njema. Miti ya miombo haifi upesi. Ukikata mti wa miombo, mara nyingi kisiki chake hutoa machipukizi. Mizizi iko chini, ina chakula, nayo yajua kazi yake. Baada ya miaka 20 hadi 30 hivi, mahali palipokatwa paweza kuwa msitu tena, kama hapakulimwa mno wala kuchomwa kila mwaka.

Sikilizeni mazungumzo ya baba na mwanawe penye tanuru.

«Baba, mbona umeuacha mti ule mkubwa? Ungejaza magunia mengi.»

«Ule ni wa nyuki, mwanangu. Tena ndio unaotupa mbegu. Mwenye kuku hali kuku wote.»

«Na kisiki hiki, mbona umekikata laini na mshazari?»

«Ili maji ya mvua yasikae juu yake na kukiozesha. Panga butu hupasua kisiki, na kisiki kilichopasuka hakichipui vizuri. Shoka likali ni rafiki wa mti, ingawa laukata.»

«Na machipukizi haya mengi, tutayaacha yote?»

«Hapana. Mwakani tutarudi, tuchague mawili au matatu yaliyo imara, tuondoe mengine. Usipande juu ya visiki, mwanangu, wala usilete mbuzi hapa. Hiki si kisiki kilichokufa. Ni mti unaoanza upya, nao utakuwa wako.»

Baba huyo hajaacha kuchoma makala. Lakini aliigawa sehemu yake ya msitu katika vipande, akate kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao, asirudi katika cha kwanza mpaka kimekomaa. Hukausha kuni zake kabla ya kuzipanga. Huziba matundu ya tanuru. Hukata njia ya kuzuia moto, kisha huzima moto wake kabla ya kuondoka. Hachomi makala penye ukingo wa mto wala penye mteremko mkali, maana ajua udongo wa hapo utaishia ziwani. Na mama naye nyumbani asaidia: apika kwa jiko linalobana moto, huloweka maharagwe usiku yaive upesi, hufunika chungu. Gunia lililotumika wiki mbili latumika sasa wiki tatu.

9. Nani mlinzi wa msitu?

Serikali imejaribu kuilinda misitu na wanyama wa Katanga. Mwaka 1939 iliwekwa hifadhi ya Upemba, na mwaka 1970 hifadhi ya Kundelungu, yenye maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya meta 300. Mto Lofoi huingia Lufira, na Lufira hupita katikati ya nchi hizi mbili za juu mpaka kuingia Lualaba. Kwa hiyo maji yanayotoka ziwa Tshangalele huenda kunywewa na wanyama walio mbali. Upemba wako tembo waliobaki wa Katanga na punda milia wa mwisho wa Kongo. Zamani walikuwa wengi. Bunduki za ujangili na vita viliwapunguza, na walinzi kadhaa walikufa wakiwalinda.

Sehemu ya nchi ya Lufira nayo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 1982, kama Yangambi na Luki zilivyotambuliwa mwaka 1976. Hifadhi za namna hii hazifukuzi watu wote. Mna sehemu ya katikati isiyoguswa. Mna sehemu ya kuizunguka yenye kazi ndogo. Na mna sehemu ambamo watu hulima, huvua na kukata kwa utaratibu. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa pia katika mkataba wa Ramsar, unaoangalia nchi za maji za dunia.

Lakini karatasi peke yake haizuii shoka. Mlinzi mmoja hawezi kusimama chini ya kila mti. Kwa hiyo ifahamuni sheria moja yenye faida kwa vijiji. Kongo ilipata sheria mpya ya misitu mwaka 2002. Kisha amri ya tarehe 2 Agosti 2014 iliruhusu wenyeji kuomba msitu wao wa desturi, usiopita hekta 50,000, uwe chini ya ulinzi na matumizi yao wenyewe. Mfumu, wazee, wanawake na vijana hukaa pamoja, hupima mipaka, huandika wapi pakatwe, wapi papumzike, wapi pasiguswe. Mgeni mwenye gari akija kutafuta mukula, hakutani tena na kijana mmoja mwenye njaa. Akutana na kijiji kizima chenye hati mkononi.

Je, jambo hili ni rahisi? Si rahisi. Kuomba hati kwachukua siku nyingi. Mfumu mwingine aweza kushawishiwa na fedha. Mwaka wa njaa, kipande kilichopumzishwa chaitamanisha. Ndiyo maana lazima ninyi mjue kusoma, kuandika na kuhesabu. Asiyejua kusoma hutia alama ya kidole chini ya karatasi inayouza msitu wa wajukuu wake.

Msitu hauombi tusiuguse. Waomba tuuachie mzizi. Mti ukikatwa na mzizi ukaishi, tumekopa. Mti ukikatwa na mzizi ukafa, tumeiba, na tulioibia ni ndugu zetu wadogo.

MANENO

Pondo: mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.
Tanuru: mahali pa kuchomea makala, tofali au chokaa.
Chipukizi: tawi changa litokalo katika kisiki au shina.
Kupukutika: kuangusha majani.
Mfumu: mkubwa wa kijiji au wa nchi.
Ujangili: uwindaji wa kuvunja sheria.

MASWALI

1. Ziwa Tshangalele lilipatikanaje, na mwaka gani?
2. Kwa nini uyoga mwingine hauoti tena miombo ikiisha?
3. Elezeni njia ya udongo kutoka kilimani mpaka ziwani. Nani hupata hasara njiani?
4. Mchomaji mmoja apata kilo 15 za makala katika kilo 100 za kuni. Atahitaji kilo ngapi za kuni kwa magunia 6 ya kilo 50?
5. Moto wa Mei na moto wa Oktoba waachana kwa nini?
6. Aliyekata mukula na aliyeuuza mbali: nani alipata faida zaidi, na nani alibaki na hasara?

KAZI

Nendeni pamoja na mwalimu mahali palipokatwa miti. Hesabuni visiki 20. Andikeni: vingapi vina machipukizi, vingapi vimekufa, vingapi vimeungua. Rudini mwaka ujao mwezi huo huo, mhesabu tena. Kisha wapelekeeni wazee wa kijiji hesabu yenu.